Maharage yaliyotutapisha, na sukari za bakteria

Lektini zilinijia kwanza tumboni. Maabara ilikuja baadaye.

Mwaka wangu wa pili chuoni tulikuwa tunaishi wanne kwenye nyumba ya kupanga, na zamu ya kupika Jumapili ilikuwa yangu. Nikaamua kuwapikia wenzangu maharage ya nazi kama ya bibi. Nikanunua maharage mekundu makavu, nikayaroweka kidogo tu, nikayatia kwenye ile sufuria ya umeme inayopika polepole, nikaiacha kwenye joto la chini na kwenda zangu maktaba. Jioni nikaonja, naona yamelainika. Nikaunga nazi, tukala. Hazikupita saa mbili, nyumba ikawa na wagonjwa wanne na choo kimoja. Sitaeleza zaidi.

Nilimpigia mama na kumwambia nadhani nazi ilikuwa mbovu. Masikini, nazi ya watu haikuwa na kosa lolote. Maharage mekundu mabichi yana protini inayong'ang'ania sukari zilizo juu ya seli za utumbo wetu, na utumbo haupendi kung'ang'aniwa. Maharage manne matano yasiyoiva yanatosha kumtapisha mtu mzima. Moto wa kuchemka ndio unaoiharibu protini hiyo. Ushauri unaotolewa hapa Uingereza ni kuroweka usiku kucha, kumwaga yale maji, kisha kuchemsha kwa nguvu si chini ya dakika 10 kabla ya kuendelea na mapishi. Sufuria ya polepole mara nyingi haifiki kwenye mchemko, na maharage yaliyopata joto la nusunusu yanaweza kuwa na sumu kuliko hata mabichi. Bibi hakunionya kwa sababu hakuwa na haja. Kwake maharage yanatokota kwenye mkaa tangu asubuhi mpaka mtu asahau kama yapo jikoni.

Nimelikumbuka tukio hili kwa sababu ya kipindi cha wiki iliyopita. Mwenzangu aliniuliza kwa Kiswahili, ghafla tu, "Hivi wewe kazini unafanya nini hasa?" Nami, mwenye shahada tatu, nikajibu, "Naangalia vidudu." Kisha kimya. Mliotuma zile sauti za kucheka, nimewasikia wote. Basi hii hapa ni deni langu, nalilipa kwa maandishi.

Kazi yangu ni kutambua sukari zilizo juu ya bakteria, na chombo ninachotumia ni protini za jamaa moja na ile iliyotutapisha. Zinaitwa lektini.

Kwanza hiyo sukari. Nilipomweleza shangazi, aliuliza kama bakteria nao wanaugua kisukari. Hapana. Sukari ya kwenye chai ni moja tu katika ukoo mkubwa. Kuna glukosi, manosi, galaktosi na nyingine nyingi, na viumbe huziunga moja baada ya nyingine kama shanga kwenye uzi, kisha huzivaa nje ya seli zao. Nyinyi mnaosoma hapa mmezivaa pia. Kundi lako la damu, A au B, ni tofauti ya sukari moja iliyo mwishoni mwa uzi juu ya seli nyekundu.

Bakteria wana sukari kwenye ukuta wao, na wengine huongeza juu yake koti zima la sukari. Koti hilo si pambo. Ndilo kinga yetu ya mwili inalokutana nalo mwanzo, na mara nyingi ndilo linaloamua kama bakteria atamezwa na seli zetu za ulinzi au atapita.

Shangazi mwenyewe alinipa mfano mzuri kuliko wangu. Alikuwa anajiandaa kwenda Hija, na kwenye karatasi zake za chanjo ya homa ya uti wa mgongo pameandikwa A, C, W, Y. Akaniuliza, "Mwanangu, hizi herufi ndiyo nini? Mbona B wameiruka?" Nilifurahi mpaka nikasimama, maana herufi hizo ni majina ya makoti ya sukari. Bakteria wa ugonjwa huo ni wa aina moja, ila makoti yao hutofautiana. Koti la W na koti la Y karibu ni pacha. Yote mawili yana asidi ya siali ikipishana na sukari nyingine, na hiyo nyingine kwa W ni galaktosi, kwa Y ni glukosi. Sasa ukichora galaktosi na glukosi ubavu kwa ubavu, atomi ni zilezile na idadi ni ileile. Kinachotofautiana ni upande ambao kikundi kimoja kidogo kimeelekea. Kwa jicho letu ni upuuzi mtupu. Kwa kinga ya mwili ni wageni wawili tofauti, na kila mmoja anataka chanjo yake. Mwaka 2000 bakteria wa kundi W waliwaambukiza mahujaji, nao wakarudi nao nyumbani, Uingereza na Ufaransa zikiwemo, na jamaa zao wakaugua. Ndiyo maana Saudia sasa inadai chanjo yenye herufi zote nne.

Na B? B amevaa koti la asidi ya siali iliyoungwa sawasawa na ile iliyo juu ya seli za ubongo wa mtoto aliye tumboni. Yaani kajifunika kanga ya mwenye nyumba. Ukitengeneza chanjo kwa koti hilo, mwili unaliona kama lake, na huenda usiligombe kabisa. Ilibidi watafiti waliache koti na kutafuta protini za bakteria huyo. Chanjo ya B wanayopewa watoto wachanga hapa Uingereza tangu 2015 imetengenezwa kwa njia hiyo. Shangazi alisikiliza yote, akasema, "Haya, lakini sindano inauma au haiumi?"

Turudi kwenye chombo. Sukari ni ngumu kuchunguza. Hairithiwi moja kwa moja kama jeni, kwamba ukisoma herufi za DNA umemaliza. Lakini mimea ina protini zinazoshika sukari fulani na kuziacha nyingine, tena zinashika tu, hazikati wala hazibadilishi kitu. Wa kwanza kuandika juu yake alikuwa Peter Hermann Stillmark, katika tasnifu yake ya 1888 kwenye chuo kikuu cha Dorpat, mji ambao leo ni Tartu, Estonia. Alichukua mbegu za nyonyo, wengine mnasema mbarika, ambazo mafuta yake mnapaka nywele. Akaona dondoo ya mbegu hizo inafanya seli nyekundu za damu zigandane mafungu mafungu. (Mafuta hayana shida, msiyatupe. Sumu ya mbegu haiyeyuki kwenye mafuta.) Mwaka 1919 James Sumner, Mmarekani aliyepoteza mkono wa kushoto akiwa kijana kwenye ajali ya uwindaji, akasafisha protini kutoka maharage fulani makubwa meupe na kuiita konkanavalini A. Miaka 17 baadaye, yeye na mwenzake wakaonyesha kwamba kugandana kwa seli kunatokana na sukari. Jina lektini lilikuja 1954, kutoka neno la Kilatini la kuchagua. Jina zuri, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake.

Konkanavalini A huchagua manosi na glukosi, na galaktosi haiigusi. Lektini ya ngano hupenda sukari iitwayo N-asetiliglukosamini, na asidi ya siali pia. Ya karanga, ya soya, hata ya fenesi, kila moja ina chaguo lake. Ukifungua jokofu letu la maabara ni kama umeingia duka la nafaka, ila bei ni ya dhahabu.

Jinsi ya kutumia si uchawi. Njia ya zamani ni kuchanganya tone la bakteria na tone la lektini juu ya kioo na kukitikisa taratibu. Lektini moja ina mikono zaidi ya mmoja, konkanavalini A kwa kawaida ina minne, kwa hiyo inaweza kumshika bakteria huyu huku imemshika na yule. Wakishikwa wengi, unaona chembechembe kwa macho yako, kama maziwa yaliyokatika. Njia tunayoitumia zaidi sasa ni kuifunga lektini na rangi inayong'aa, kuimwagia bakteria, kuosha, na kuangalia kwa hadubini nani anawaka.

Mfano ninaoupenda ni wa ngano. Mwanafunzi yeyote wa biolojia amefundishwa rangi ya Gram, ya mwaka 1884, inayogawa bakteria kwenye zambarau na waridi. Wale wa zambarau wana ukuta mnene ulio wazi, na ukuta huo umejaa ile sukari inayopendwa na lektini ya ngano. Wale wa waridi nao wanayo, ila imefichwa nyuma ya utando wa nje. Ukimwaga lektini ya ngano yenye rangi ya kijani, stafilokoka wanawaka kama taa za Idd, na ekolai aliye karibu nao anabaki gizani. Hakuna kuunguza kwa moto, hakuna kumwaga spiriti. Na mwaka 1984 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba lektini, ya soya ikiwa mojawapo, zinasaidia kumtofautisha bakteria wa kimeta na ndugu zake wanaofanana naye. Soya hiyohiyo ya kwenye maziwa ya kahawa yako.

Lakini hapo kwenye "anabaki gizani" ndipo nilipoumia.

Wakati wa shahada ya uzamivu nilikuwa na bakteria wa udongo, Bacillus subtilis. Ukuta wake una nyuzi ndefu zilizopambwa kwa glukosi, na kuna virusi vinavyomshambulia kwa kushika glukosi hiyo. Nilikuwa na koloni 11 zilizookoka shambulio la virusi. Wazo langu lilikuwa rahisi. Waliookoka wamepoteza glukosi, kwa hiyo virusi havina pa kushika. Na kama glukosi haipo, konkanavalini A haitashika, hawatawaka. Nikapima zote 11. Zote giza. Nilifurahi vibaya sana. Nikatengeneza mchoro wa rangi, nikamwonyesha mwenzangu wa meza ya pili, naye akaanza kutayarisha jeni za koloni zote 11 kwa ajili ya kusomwa, kwa pesa za kikundi.

Siku ya kuwasilisha, dada mmoja mtaalamu wa maabara, mtu asiyesema sana, akauliza swali moja. "Aina mama uliipima siku hiyohiyo, kwa njia hiyohiyo?" Nikasema nimeipima. Ni kweli, niliipima, mwezi mmoja nyuma, nayo iliwaka vizuri. Akaniangalia tu.

Nilirudi maabara usiku uleule. Nikaichukua aina mama, ile yenye glukosi tele, nikaipima kama nilivyozipima zile 11. Giza tupu.

Ilikuwa hivi. Ile wiki ya vipimo ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani, nami nilitaka kuwahi nyumbani kufuturu. Kwa hiyo niliruka hatua ya kuosha. Niliwatoa bakteria kwenye supu yao na kuwamwagia lektini papo hapo. Niliwahi kufanya hivyo na lektini ya ngano na mambo yalikwenda sawa, nikaona nitaokoa saa moja na nusu. Ila supu ile ilikuwa na glukosi niliyoitia mwenyewe, pamoja na dondoo ya hamira, na hamira imejaa manosi. Lektini ya ngano haijali vitu hivyo. Konkanavalini A inavipenda kuliko chochote. Kabla haijamfikia bakteria, mikono yake yote ilikuwa imeshajaa sukari ya supu. Nikauona ule weusi na kuandika "hakuna glukosi", kumbe shida ilikuwa glukosi kuzidi.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba ujanja huu ninaufahamu, kwa sababu ndio kipimo chetu cha kuhakikisha. Ukitaka kujua kama bakteria anawaka kweli kwa sababu ya sukari, unamwaga sukari ileile kwa makusudi kwenye mchanganyiko. Mwanga ukizimika, ulikuwa wa kweli. Usipozimika, lektini imenata kwa sababu nyingine. Mimi nilifanya kipimo cha kuzima bila kujua, mara 11, nikakiita ugunduzi.

Nikarudia zote, nimeosha mara tatu, aina mama pembeni. Saba zilikuwa giza kweli. Nne zikawaka kama mama yao. Hizo nne zilikuwa na glukosi kamili na bado virusi haviziwezi, maana yake zilikuwa na njia nyingine kabisa ya kujilinda. Ndizo zilizonipa sura ndefu kuliko zote kwenye tasnifu yangu, na kwenye mchoro wangu wa kwanza nilikuwa nimeshazizika pamoja na nyingine. Mwenzangu wa meza ya pili nilimwomba radhi. Alinisamehe, ingawa kwa miezi kadhaa kila nikisema nina matokeo alikuwa ananiuliza, "Umeosha?"

Tangu hapo giza siliamini haraka. Linaweza kuwa sukari haipo. Linaweza kuwa sukari ipo lakini imefunikwa na koti jingine, kama ekolai na utando wake. Linaweza kuwa lektini imeshiba, au imekosa kalisiamu na manganizi, maana konkanavalini A bila madini hayo haishiki kitu. Hata kuwaka nako hakumalizi kesi. Mimi nikiona mwanga wa konkanavalini A sijui bado kama ni glukosi au manosi, najua tu ni mojawapo ya zile inazozipenda. Lektini inakujibu swali moja, "nimeshika au sikushika", na maelezo mengine yote unayatafuta mwenyewe.

Ndiyo maana siku hizi haitumiki moja peke yake. Mwaka 2006 kikundi cha Lara Mahal, wakati huo akiwa Texas, kilichapa lektini nyingi kama vidoa kwenye kioo kimoja, kisha kikawapitisha ekolai wa aina mbalimbali juu yake. Kila aina iliwasha vidoa vyake, na ule mpangilio wa mwanga ukawa kama alama ya kidole. Hata sisi wenyewe tuna lektini ndani ya damu. Moja hushika manosi zilizo juu ya vijidudu na kuita kinga ya mwili. Huko Boston watafiti waliibadilisha kidogo, wakaifunga kwenye chembe za sumaku, na mwaka 2014 wakaonyesha inaweza kuvuta bakteria kutoka kwenye damu ya panya. Nikisoma kazi kama hizo namkumbuka Stillmark na mbegu zake za nyonyo.

Kwa hiyo mwenzangu, ukiniuliza tena kwenye kipindi, nitakujibu hivi: natambua bakteria kwa kupapasa sukari walizovaa, kwa kutumia protini za nafaka na kunde. Nimelifanyia mazoezi, linasemeka kwa pumzi moja.

Shangazi amesharudi Makka, mzima, kaniletea tende na kanzu isiyonitosha. Na wale mliouliza kama maharage ya kopo nayo ni hatari: yale yameshapikwa kiwandani, fungueni mle. Makavu ndiyo ya kuchemsha kwanza, dakika 10 za mchemko wa kweli, hata kama mtayamalizia kwenye ile sufuria. Mimi yangu nilimpa jirani, na sikumwambia kwa nini. Sasa nadhani inanibidi nimpigie.